Mume Mwenza wa Baharini

Marehemu mume wangu alikuwa na tabia ya kuwaambia wageni kwamba ana mume mwenza. Mgeni akishtuka, yeye hujimiminia chai polepole, amwache ahangaike kidogo, kisha aseme, "Tena wa baharini. Ananichukulia mke nusu mwaka, na akimrudisha ananuka samaki."

Huyo mume mwenza ni mwani. Nimeusomea, nimeufundisha na kuutafiti maisha yangu yote ya kazi, mimi binti wa wakulima wa mahindi wa Likuyani ambaye sikuiona bahari mpaka nilipoingia chuo kikuu. Mwani una sukari ndani yake. Sukari hiyo ukiichachusha vizuri kisha ukaikeneka, unapata spiriti ya kupikia, hata ya kuendeshea gari. Hapa Kakamega sihitaji kueleza zaidi ya hapo. Nikisema hivyo sokoni, wauza mboga wanacheka: "Kumbe Profesa anapikanga chang'aa!" Ndiyo, mama, ni chang'aa, ila mnywaji wake ni jiko. Na wanaoniuliza kwa nini nafanyia kazi ya bahari mahali pasipo na hata ziwa, huwajibu kwamba kwanza niliolewa hapa, na pili hapa ndipo penye watu waliolelewa na molasi. Kuchachusha na kukeneka wanakujua tangu kwa bibi zao, na miwa yenyewe imewatupa mkono.

"Siku moja," mume wangu aliniambia, "huyo mwenzangu utamleta mpaka kitandani kwangu."

"Mpaka ufe kwanza," nilimjibu.

Tulicheka. Alilipenda jibu hilo mno, alikuwa akinichokoza makusudi ili nilirudie.

Kisha akafa kweli, kwa ugonjwa wa haraka ambao haukutupa hata nafasi ya kugombana na madaktari. Wazee walitaka alale uani usiku wake wa mwisho, kwa hiyo kitanda chetu kilitolewa nje, jeneza likawekwa juu yake, na watu wakakesha wakiimba. Baada ya maziko kitanda kilirudi chumbani. Nililala upande wangu. Upande wake sikuugusa.

Mwaka mmoja baadaye maji ya pwani yalipata joto baya. Mashamba ya mwani yalipauka, yakakatikakatika, yakaoza. Wakina mama waliokuwa wakiyalima walibaki na kamba tupu. Katika shamba mojawapo nilikuta kichaka kimoja kidogo cha rangi ya damu ya mzee, kimenawiri kana kwamba hakijasikia habari za joto. Nusu nikawaachia wenzangu wa kule pwani, nusu nikaja nayo. Ya kwao ilikufa. Yangu ikaishi, ikachipua, na tulipoipima ilitoa sukari kwa wepesi kuliko mwani wowote niliowahi kuushika. Niliwaahidi wale wakina mama kwamba mwaka mpya ukiingia nitawapelekea mbegu. Na mbegu ya mwani huu ni kitawi chenyewe. Kikifa, hakuna punje iliyobaki ghalani.

Ndipo jengo letu la maabara chuoni likaezuliwa paa litengenezwe, na likabaki hivyo hivyo. Nikaubeba mwani nyumbani. Sebule yangu ina jua na wajukuu, jikoni kuna moshi. Chumba changu cha kulala kina kuta nene na dirisha la upande wa mashariki, hakipati joto. Nikapanga matangi ya kioo mkabala na kitanda. Fundi mmoja kutoka Mumias akanifungia sola, akaweka betri na inveta ya kugeuza umeme wake ukutani juu ya ubao wa kichwani, na pampu ikaanza kupuliza hewa majini. Nilianza kulala nikisikia mapovu. Nilifurahi, nasema kweli. Nyumba ya mjane ina ukimya wake.

Sasa sikilizeni kilichonipata siku ya pili ya Krismasi.

Transfoma yetu ilikuwa imeungua tangu kabla ya sikukuu, kijiji kizima hakina stima, lakini sola ilikuwa ikinibeba. Asubuhi hiyo inveta ikapiga kelele, ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua, ikanyamaza. Mapovu yakakoma. Nikampigia fundi wa Mumias: simu imezimwa. Jenereta ya kanisa ilikuwa imekodiwa harusini. Maduka ya vifaa mjini yamefungwa, wenyewe wameenda ushago, vijijini kwao. Ningeweza kuutia mwani kwenye ndoo na kutafuta gari, lakini mwani uliokwisha kuchoka ukiupitisha kwenye joto na mashimo ya barabara yetu, unafika maiti. Nikachukua pampu ya baiskeli, nikatumbukiza mpira wake kwenye tangi, nikaanza kupiga hewa kwa mikono. Nilipiga mpaka mabega yakawaka moto. Nikitoka tangi hili kwenda lile, la kwanza linatulia tena.

Saa nne hivi niliona ncha za vitawi vilivyokuwa pembeni zimeanza kupauka. Naujua weupe huo. Nimeuona ukimaliza mashamba yenye upana wa kijiji.

Hapo ndipo binti yangu alipowasili na mumewe kula ingokho, kuku wetu wa Krismasi. Na huyo mkwe wangu kazi yake ni nini? Ni fundi wa sola! Anazunguka mpaka Lugari kufunga hizo betri. Mungu naye ana utani wake, maana Kakamega nzima siku hiyo fundi aliyekuwa karibu nami, mzima, hajalewa, mwenye vyombo vyake mgongoni, alikuwa ni mtu mmoja tu asiyeweza kukanyaga chumba changu.

Kwetu mkwe wa kiume haingii chumba cha kulala cha mama mkwe. Haingii, kwisha. Hata kukiona kitanda chake kupitia mlango ulioachwa wazi ni aibu ya kutafutiwa mbuzi wa fidia. Mimi nimesoma, nimepanda ndege, nimekaa kwenye mikutano ya wazungu, lakini mkwe wangu akiingia sebuleni bado nakaa upande wa pili na simpi mkono. Yeye naye ananiheshimu mpaka ananichosha. Hunisalimia akitazama viatu vyake.

Wifi yangu alikuwa pale uani ananyonyoa kuku. Ni dada mkubwa wa marehemu, aliyemlea mgongoni, na baada ya mazishi alihamia nyumba ya nyuma ili nisikae peke yangu. Nilipotoka mbio na pampu mkononi nikieleza, aliniangalia, akamwangalia mkwe, akasema, "Ebu mke wetu, usilete hayo maneno hapa. Huyu mtoto hawezi."

"Sijasema aingie!" nilimjibu. Nilikuwa nimeshalisema kichwani.

Tulianza kwa dirisha. Mkwe alisimama nje, mgongo ameupa ukuta, uso kuelekea shamba la miwa la jirani, na mimi nikapanda kitandani na bisibisi yake. Binti yangu alishika zamu ya pampu.

"Mama, umeona waya mbili nene?" mkwe akauliza kwa sauti ya kanisani.

"Nimeona waya nyingi kama matumbo ya mbuzi!"

"Ile nyekundu inaingia wapi?"

"Hakuna nyekundu. Zote zimefanya ukungu."

"Ukungu gani, Mama?"

"Mweupe! Na mwingine kijani! Mimi nitajua ni ukungu gani?" Ona, profesa mzima wa viumbe wa baharini. Nikagusa mahali kwa ncha ya bisibisi, cheche ikaruka *pwaa*, mkono wangu ukatupwa nyuma na mimi nikaanguka juu ya mto. Sikuumia. Lakini binti yangu alipiga kelele, na kule nje mkwe akageuka, akakumbuka, akageukia miwa tena.

"Mama, toka hapo," akasema. Kwa mara ya kwanza tangu aoe, alinipa amri. "Usiguse tena. Tafadhali. Afadhali hayo majani yafe."

"Si majani!"

"Afadhali yafe, Mama. Wewe nikikuua, nitamwambia nini huyu msichana?"

Nilitazama tangi la kwanza. Weupe ulikuwa umeshuka kutoka kwenye ncha, unafuata shina. Binti yangu alikuwa akipiga pampu huku machozi yanamtoka, sijui kwa ajili ya mwani au kwa ajili yangu. Niliwaza wale wakina mama wa pwani wakivuta kamba zao tupu. Nikatazama chumba: kuta, dirisha, matangi, na katikati kitanda kikubwa cha mvule ambacho mume wangu alikichongesha tulipooana.

Nikatoka uani. "Wifi," nikasema, "chumba cha kulala ni kipi?"

"Ati nini?"

"Nauliza. Ni kuta? Ni paa? Kuta ziko hata jikoni, na mkwe anapita. Chumba cha kulala ni kitanda. Kitanda kikitoka, kile ni chumba tu, kama ghala la mahindi."

Alisimama, manyoya yamemjaa mikononi. "Utatoa kitanda cha ndugu yangu nje mchana kweupe? Kwa sababu ya mboga za bahari?"

"Ndiyo."

"Kile kitanda kilitoka mara moja tu."

"Najua kilitoka lini, wifi. Nilikuwepo."

Tulitazamana. Yeye ni mfupi, mimi ni mrefu, na bado nilijiona mdogo mbele yake. Nilitaka aseme ndiyo. Alirudi kwa kuku wake, akanipa mgongo.

Vifungo vya kitanda vilikuwa vimeshika kutu, havikufunguka hata kwa nyundo, na ukumbi wetu ni mwembamba, kitanda hakiwezi kugeukia chumba kingine. Njia yake ni moja, mlango wa mbele mpaka uani. Mkwe hakuweza kukigusa. Nikawaita wanaume wawili waliokuwa wakipita kwenda kuona fahali wakipigana, wakakiinamisha ubavu, mmoja mbele, mmoja nyuma, mimi na binti yangu katikati. Kilikwaruza ukuta. Kikakwama mlangoni. Nilikipiga teke, jamani, nilikipiga teke kitanda changu cha ndoa, nikasema, "Toka basi!" Kikatoka. Tukakiweka pale pale kilipobeba jeneza, pasipo na majani, kwa kuwa ndipo palipokuwa wazi, na mkwe akaingia ndani mbio, vyombo mkononi, bila kutazama kushoto wala kulia.

Jirani yangu wa upande wa juu alikuwa ameinama shambani mwake. Aliinuka kunyoosha mgongo, akaona kitanda uani. Kwetu kitanda hakitolewi nje kuota jua. Akaangusha jembe.

"Mayi wee! Profesa ametuacha! Uwiiii!"

Nduru ikaruka ua hadi ua. Mimi nilikuwa nimerudi chumbani kupiga pampu, sikuelewa ni nani anayeliliwa. Nilidhani ni mtoto wa mtu. Nikachungulia dirishani nikaona watu wanashuka kilima wakikimbia, wanawake wamejifunga leso kiunoni, mmoja amejitwika kuni za matanga, mwingine ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nikatoka na pampu yangu. Jirani aliponiona alipiga kelele ya pili, kubwa kuliko ya kwanza, akakaa chini kwenye tope.

"Nani amekufa?" nikauliza.

"Si wewe?" akasema.

Watu wengine wangecheka. Mimi nilikuwa na hasira na hofu, na pampu mkononi. Niliwaambia, "Sijafa! Lakini mwani wangu unakufa, kwa hiyo mwenye mikono isiyo na kazi aingie apige pampu. Kilio mtanirudishia siku yangu!" Na waliingia. Mama wa kuni aliweka kuni chini, akashika pampu, akapiga kwa nguvu mpaka maji yakaruka nje ya tangi. Seremala wa majeneza, ambaye alikuwa amekimbia na futi mfukoni, aliifunika kwa kiganja nilipomtazama.

Ndani, mkwe alikuwa amefungua lile sanduku la inveta. Nilisimama mlangoni. Alikuwa akikwangua kwa kisu, na unga mweupe ulikuwa ukimwagika juu ya viatu vyake.

"Mama, hii ni chumvi," akasema, bado hanitazami. "Mapovu yanarusha maji kidogo kidogo, yanakauka hewani, chumvi inaingia huku. Imekula kila kiungo. Huyo fundi alifunga kama tunavyofunganga huku kwetu. Hakujua chumba hiki ni pwani."

Sikuwa nimejua hata mimi. Au nilijua chumvi hula chuma, nani asiyejua, ila sikuwahi kufikiri kwamba nimeileta bahari ikalala nami chumba kimoja, inapumua juu ya kichwa changu. Alikata ncha za waya zilizooza, akafika kwenye shaba safi, akaziunga upya, akabadilisha kipande kilichoungua kwa kingine kutoka kwenye mfuko wake. Kisha akasema, "Rudini nyuma," akabonyeza.

Kimya kwanza. Halafu pampu ikakohoa, na povu moja likapanda. Halafu mengi.

Wale watu waliokuja kunilia walipiga vigelegele kwa ajili ya mapovu. Nililia. Sikujificha, nililia mbele ya mkwe, naye akainamia vyombo vyake akivipanga vizuri ambavyo tayari vilikuwa vimepangika. Tangi la kwanza lilikuwa limekwisha, hilo nililiona. La pili nusu. Lakini katika la mwisho, kule kona ya karibu na dirisha, vitawi vilikuwa bado vya damu ya mzee hadi nchani.

Ningependa kuishia hapo.

Lakini mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya juu ya msitu, na kitanda kiko nje. Niliwaambia wale wanaume wakirudishe. Mkwe akasema polepole, akielekea mlango, "Mama, samahani. Inveta nitaihamishia ukumbini. Lakini pampu, taa, na hizi waya za humu, zitakulwa tena. Sijui baada ya miezi mingapi. Zinataka mtu wa kuja kuzisafisha kila mara."

"Utakuja."

Wifi yangu ndiye aliyejibu, kutoka mlangoni. Sikujua amesimama hapo tangu lini. "Atakuja wapi? Leo chumba ni ghala. Kitanda kikirudi, kitakuwa chumba chako. Utakuwa ukitoa kitanda nje kila mwezi, tukimbizane na kuni?"

"Mafundi wengine wapo."

"Wapo. Mmoja tu ameona chumvi."

Upepo wa mvua uliingia. Niliangalia ile nafasi tupu sakafuni, yenye alama nne za miguu ya kitanda, na vumbi la upande wa mume wangu ambalo sikuwa nimelifagia tangu aende. Nilimtazama wifi anisaidie. Nilikuwa tayari aniamuru, anizuie, anitukane.

"Usinitazame mimi," akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi tena. "Mimi ni dada tu. Mke ni wewe."

Matone ya kwanza yalikuwa yakigonga mabati. Nikatoka. Nikamwita seremala. "Umekuja na futi?"

"Profesa, nisamehe, mimi nilidhani—"

"Pima kitanda."

Alikipima. Tulikiburuta chini ya ukingo wa paa, akakikata kwa msumeno hapo hapo, mvua ikituchapa migongoni, na wifi yangu alishika upande wa pili wa kila ubao mpaka ukakatika. Mkwe alikuwa jikoni, amewekewa firigisi ya kuku, kipande cha heshima, kwenye sahani yake mwenyewe, hajaigusa.

Kitanda kikawa rafu ya matangi, na rafu ile iko hadi leo kwenye ukuta wa ndani, ya mvule, imara. Mwaka mpya nilikwenda pwani na ndoo mbili, na wakina mama wakafunga vitawi kwenye kamba. Siku hizi nalala kwenye kitanda chembamba katika chumba alicholala binti yangu akiwa msichana, na mkwe huja na brashi yake na kisu, huingia bila kubisha hodi, husafisha chumvi.

Lakini jioni ile, seremala alipomaliza, watu walienda zao, na nikabaki peke yangu kupandisha tangi lililopona. Nililiweka juu ya ubao uliokuwa wa kichwani, upande wa mume wangu, pale alipokuwa akiegemea akinisubiri nitoke safari. Mapovu yalikuwa yakipanda.

"Haya, mzee," nikamwambia. "Mwenzako amelala kwako."